KUONDOA NYWELE ZA MWILI KWA MWANGA WA LEZA: TUPIME FAIDA NA MADHARA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.



Somo la Ijumaa hii linahusu jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni kuondoa nywele za mwili. Dini yetu haikuona haya kulifundisha, basi na sisi tusione haya kujifunza. Wafanyabiashara wetu wa Butembo na Beni, wababa kwa wamama, husafiri hadi Kampala, Nairobi, Dubai na Guangzhou kutafuta bidhaa. Katika miji hiyo kuna vyumba vya urembo vyenye mashine za leza, na mteja huahidiwa kwamba nywele zikipigwa na mwanga huo hazitarudi tena. Tena madukani huko kuna vimashine vidogo vya kujifanyia mwenyewe nyumbani. Ndipo maswali yanapokuja: Je, ni halali? Je, kuna faida? Je, ngozi zetu zitabaki salama?

Ndugu msomaji, tunapopima jambo lenye faida na madhara tusiende kwa ushabiki. Tazama Suratul Baqara aya ya 219. Walipouliza juu ya ulevi na kamari, Mwenyezi Mungu hakukanusha kwamba kuna manufaa ndani yake. Aliyataja manufaa, akayataja na madhara, kisha akatuonyesha upande uliozidi uzito. Hiyo ndiyo mizani tutakayotumia leo. Hatusemi kwamba leza ni kama ulevi, la hasha. Tunajifunza namna ya kupima.

1. SHARIA INASEMAJE JUU YA NYWELE ZA MWILI

Wanazuoni wamezigawa nywele katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zile tulizoamrishwa kuziondoa. Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alitaja mambo matano ya maumbile safi: kutahiri, kunyoa nywele za sehemu za siri, kunyonyoa za makwapani, kukata kucha na kupunguza masharubu. Na katika hadithi ya Anas (r.a.) aliyoipokea Muslim, mwisho wa kuziacha ni siku 40.

Fungu la pili ni zile tulizokatazwa kuziondoa, mfano nyusi, kwa hadithi mashuhuri ya Ibn Mas'ud (r.a.), na ndevu za mwanamume, ambazo Mtume (s.a.w.) aliamrisha ziachwe.

Fungu la tatu ni zile ambazo sharia imezinyamazia, kama nywele za mikono na miguu. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, mwenye kuziondoa hana dhambi, na mwenye kuziacha hana dhambi.

Sasa chombo je? Imamu Nawawi ameeleza kwamba bora katika nywele za siri ni kunyoa, lakini inajuzu pia kukata, kunyonyoa, au kutumia nura, yaani dawa ya chokaa waliyojipaka watu wa kale ili nywele zidondoke. Imepokewa pia kwamba mtu mmoja aliingia kwa Imamu Shafi'i akamkuta ananyolewa makwapa. Imamu akamweleza kwamba anajua sunna ni kunyonyoa, ila hawezi kustahimili maumivu yake.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba kinachotakiwa ni usafi, na chombo ni njia tu ya kuufikia. Kwa hiyo leza haiwi haramu kwa sababu ni kitu kipya. Lakini haiwi halali kwa kila mtu, mahali popote na kwa namna yoyote. Hukumu yake inafuata mambo matatu: nywele zenyewe ni zipi, nani anakuondolea, na je, ina madhara?

2. LEZA NI KITU GANI NA INAFANYAJE KAZI

Leza ni mwanga wa rangi moja, uliokusanywa pamoja ukawa na nguvu. Ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1960. Mwaka 1983 madaktari wawili wa Boston, Anderson na Parrish, walieleza jinsi mwanga unavyoweza kuchoma kitu kimoja ndani ya ngozi na kukiacha cha jirani. Mwaka 1995 Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza leza ya kuondoa nywele.

Siri yake ni rangi nyeusi. Shika bati jeupe na bati jeusi juani, utaona jeusi ndilo linalochoma mkono. Vivyo hivyo mwanga wa leza hutafuta weusi wa unywele, hushuka nao hadi kwenye shina, ukageuka joto na kuliunguza shina hilo. Ndiyo sababu mvi hazisikii leza, kwa kuwa weusi wake umekwisha.

Hapa ndipo penye jambo kubwa kwetu, ndugu yangu. Weusi ule ule ulio katika unywele ndio ulio katika ngozi zetu. Kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi, mwanga unapita kwenye ngozi na kukuta weusi chini tu. Kwetu sisi unakuta weusi tangu mlangoni. Mashine isiyofaa, au mkono usiojua, huichoma ngozi kabla ya kuufikia unywele.

Ipo leza iliyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Jina lake ni Nd:YAG, na urefu wa wimbi la mwanga wake ni nanomita 1064. Wimbi hilo halivutwi sana na weusi wa juu, na linazama chini zaidi. Nyingine kama aleksandraiti, ya nanomita 755, ni ya hatari zaidi kwa ngozi kama zetu. Kumbuka jina hilo la Nd:YAG. Ukiuliza kwenye kliniki wasijue kukujibu mashine yao ni ya aina gani, vaa viatu vyako uondoke.

3. FAIDA ZAKE

Tuwe waadilifu, faida zipo.

Faida ya kwanza: inapunguza nywele kwa muda mrefu. Aliyemaliza vipindi vyake vyote hupata nywele chache, nyembamba na zinazochelewa kuota. Lakini angalia neno: inapunguza. Mamlaka ya dawa ya Marekani yenyewe hairuhusu kusema kwamba nywele zote zinaondoka milele. Anayekuahidi hivyo anauza maneno.

Faida ya pili: inawasaidia wenye vipele vya ndevu. Unywele wetu uliojikunja, ukinyolewa karibu na ngozi, huingia tena ndani kama mwiba, pakavimba, pakatunga usaha na kuacha alama nyeusi. Ugonjwa huu unawapata sana wanaume weusi, kidevuni na shingoni, na wanawake pia mahali wanaponyoa. Leza inayofaa, mikononi mwa mjuzi, hupunguza vipele hivyo.

Faida ya tatu: inamsitiri mwanamke aliyeota ndevu au masharubu. Huu ni mtihani mzito. Dada hujifunika uso, hukataa kwenda harusini, na wengine huchekwa hata na wakwe. Imamu Nawawi amesema mwanamke wa namna hiyo inapendekezwa aziondoe, ijapokuwa Imamu Tabari aliona vingine. Kuondoa aibu iliyoletwa na maradhi si sawa na kubadilisha maumbile kwa ajili ya mapambo. Arfaja (r.a.) alipokatwa pua vitani, Mtume (s.a.w.) alimruhusu kuweka pua ya dhahabu, na dhahabu tunajua kwamba mwanamume hajipambi nayo.

4. MADHARA YAKE

Dhara la kwanza ni kuungua. Ngozi huvimba, hutoa malengelenge, kisha hubaki mabaka meusi au meupe ambayo huchukua miezi, na pengine hayaondoki. Wenye ngozi nyeusi tunajulikana pia kwa makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Kama kovu lako la chanjo au la kutoboa sikio lilivimba hivyo, jihadhari mara mbili.

Dhara la pili ni jua. Butembo iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na juu ya mwinuko wa zaidi ya mita 1,700. Ngozi iliyotoka kupigwa leza usoni haitaki jua, na mama wa soko hana pa kujificha jua. Mwenye kutumia krimu za kujichubua ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu ngozi yake imekwisha kudhoofika.

Dhara la tatu ni macho. Mwanga wa leza ukiingia jichoni unaweza kuharibu uoni moja kwa moja. Mpigaji na mpigwaji lazima wote wawili wavae miwani maalumu.

Dhara la nne ni dawa za ganzi. Mwezi wa Februari 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wanawake wawili, wa miaka 22 na 25, kufa. Walikuwa wamejipaka krimu kali ya ganzi miguuni na kuifunika kwa plastiki, wakijitayarisha kwenda kupigwa leza. Dawa ikaingia mwilini kupita kiasi. Hawakufa kwa leza yenyewe, walikufa kwa kitu walichodhani ni kipodozi tu.

Dhara la tano ni kinyume cha mlichokitafuta: kwa baadhi ya watu, hasa usoni na shingoni, nywele huongezeka pembeni mwa mahali palipopigwa.

Dhara la sita ni mali. Kipindi kimoja hakitoshi. Nywele hazioti zote kwa pamoja. Nyingine zinakua, nyingine zimelala, na leza huzipata zinazokua tu. Kwa hiyo hutakiwa vipindi sita au zaidi, kila kimoja kikipishana na mwenzake kwa majuma kadhaa, na baadaye vingine vya kuendeleza. Sasa fikiri, ewe mama unayekwenda Dubai siku kumi kuchukua mzigo. Utapata kipindi kimoja. Nywele zilizolala zitaamka ukiwa Butembo. Na kama umeungua, mabaka yatajitokeza wakati aliyekuchoma yuko ng'ambo na wewe uko nyumbani. Utamlalamikia nani?

Dhara la saba ni sitara. Suratun Nur, aya ya 30 na ya 31, inawaamrisha waumini wanaume na wanawake kuinamisha macho na kuhifadhi tupu zao. Baina ya mwanamke na mwanamke mwenzake, kati ya kitovu na magoti ni uchi. Baina ya mwanamke na mwanamume wa kando mambo ni makubwa zaidi. Uchi hufunuliwa kwa dharura ya tiba, na kwa kiasi cha dharura. Je, kunyoa nywele za siri, jambo ambalo kila mtu anaweza kujifanyia mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, ni dharura ya kumfunulia mtu mwingine? Hapana.

5. SASA TUWEKE MIZANI

Ndugu zangu, wanazuoni wametufundisha kanuni: kuzuia madhara kunatangulia kuleta manufaa. Na Suratul Baqara aya ya 195 inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizo. Kwa kanuni hiyo watu wamegawanyika mara mbili.

Wa kwanza ni mgonjwa. Huyu ni mwenye vipele vilivyomshinda, au mwanamke aliyeota ndevu. Kwake leza ni katika mlango wa tiba, na tiba inaruhusiwa kwa masharti yake. Lakini asianzie kwenye leza, aanzie kwa daktari. Dada aliyeota ndevu, tena siku zake za hedhi zinapotea au zinapishana, au amekosa kupata mtoto, huenda maradhi yako kwenye vifuko vya mayai au kwenye tezi. Akichoma nywele na kuacha maradhi, amekata majani na kuacha mizizi. Nywele zitarudi na ugonjwa utaendelea.

Na kijana mwenye vipele vya ndevu asikie habari njema: dawa ya kwanza wanayoitaja madaktari ni kuacha kunyoa, ndevu zikue. Unywele ukirefuka haurudi tena ndani. Tazama jinsi sunna na tiba zilivyokutana! Zibaki zile za shingoni zinazomtesa, hizo ndizo za kuulizia daktari.

Wa pili ni mzima, ambaye anataka tu kupumzika na wembe. Kwake tunasema: usimharamishie mtu alichokinyamazia Mola wako, lakini pima. Kwenye kitako kimoja cha mizani weka juma moja moja la kujinyoa. Kwenye kitako cha pili weka nauli, dola za vipindi sita, hatari ya kuungua, na uchi kufunuliwa. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewakimbiza watu wengi, na watoto wao tunawaona. Mali tutaulizwa tuliichuma wapi na tuliitumia wapi. Kwa mtu mzima wa Butembo na Beni, madhara ndiyo yaliyozidi uzito. Huo ndio msimamo wa somo hili.

Na ucheke kidogo, ndugu yangu: hata huko kwenye leza, siku moja kabla utaambiwa unyoe kwa wembe kwanza, ili mwanga usichome nywele za juu ya ngozi. Wembe hauukwepi.

6. BASI TUNYOE VIPI

Sisi watu wa Beni na Butembo hatuhitaji mfano wa mbali. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, ikaingia Beni, Butembo na Katwa, iliua watu zaidi ya 2,200 mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Tulijifunza kwa machozi kwamba damu na majimaji ya mgonjwa ndiyo njia ya ugonjwa, na kwamba vituo vidogo vya tiba visivyolinda usafi wa vyombo viliueneza. Ukimwi na homa ya ini vinapita pia kwenye damu. Kwa hiyo:

Kwanza, kila mtu na wembe wake. Mume na mke, kaka na mdogo wake, wasichangie. Kwa kinyozi, dai wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako.

Pili, lainisha nywele kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Nyoa kufuata zinakoelekea, usivute ngozi, usirudie rudie mahali pamoja. Mwenye vipele atumie mkasi au mashine ya kukata, aache nywele fupi kidogo asiguse ngozi.

Tatu, ukitumia krimu ya kuondolea nywele, jaribu kwanza mahali padogo mkononi na ungoje siku moja. Usizidishe dakika zilizoandikwa, na usiipake ndani ya sehemu za siri.

Nne, wembe uliotumika ufunge kwenye kopo. Usiutupe kwenye takataka watoto wanakochezea.

Tano, usiamini kwamba kunyoa kunafanya nywele ziwe nene. Wembe unakata juu tu, shina haliguswi.

Na yule ambaye daktari amemwelekeza kwenye leza aulize haya kabla ya kutoa pesa: Mashine ni Nd:YAG? Mpigaji amesomea, na amekwisha kutibu ngozi nyeusi kama yangu? Mwanamke atahudumiwa na mwanamke? Mtajaribu mahali padogo kwanza na kungoja? Mna miwani? Nikiungua nitamwona nani? Kuhusu vile vimashine vya nyumbani, soma kijitabu chake: vingi vimeandikwa vyenyewe kwamba havifai kwa ngozi nyeusi sana. Na mama mjamzito asubiri mpaka ajifungue.

7. MASUALA MAFUPI

Suala: Nywele zangu za makwapa hazioti tena baada ya leza. Je, nimeacha sunna?
Jibu: Hapana. Makusudio ni usafi, nao umepatikana.

Suala: Je, leza inabatilisha saumu?
Jibu: Hapana, kwani hakuna kitu kilichoingia ndani kwa njia ya kula wala kunywa.

Suala: Nikiungua, nitatawadha vipi?
Jibu: Osha penye afya. Palipo na kidonda ambacho maji yatakidhuru, tayamamu kwa ajili yake.

Suala: Ninakwenda Hija na nitapitia Dubai.
Jibu: Fanya usafi wako kabla ya kuhirimia. Aliye katika ihramu haruhusiwi kuondoa unywele, kwa wembe wala kwa leza.

Ndugu Muislamu, ukifika nyumbani wasomee wake zako na binti zako karatasi hii. Kuna dada anayejificha kwa ajili ya ndevu mbili tatu kidevuni, na hajui kwamba ana ugonjwa wenye tiba. Mwambie aende kwa daktari, na asiende peke yake: wewe mume au kaka, mpe nauli na umsindikize.

Ewe Mola, tutakase nje na ndani, waponye wagonjwa wetu, uwarudishe salama waliokimbia makazi yao, na utupe amani katika Beni, Butembo na Kongo yetu yote. Amin.

Wabillahi tawfiq.

TANBIHI: Karatasi hii ina majina matukufu. Usiitupe ovyo wala usifungie bidhaa. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.